Mgeni na Jembe: Kaya za Wamisionari katika Nyanda za Kati za Tanzania

Utangulizi

Historia ya Kanisa katika nyanda za kati za Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata vituo vilivyofunguliwa, tarehe za ubatizo wa kwanza na majina ya waliowekewa mikono. Mambo hayo ni ya lazima, na bila hayo tusingejua tulikotoka. Hata hivyo yako kimya juu ya jambo moja ambalo majirani wa vituo vile walilitazama kila siku, nalo ni nyumba. Kwa miaka 20, 30, hata 40, mume na mke waliotoka Uingereza, Ujerumani, Kanada, Australia au Marekani walikaa Ugogo, Iramba au Unyaturu, mbali na mji, wakipika, wakiugua, wakilea watoto, wakikosana na kupatana mbele ya macho ya watu. Kabla jirani hajaketi kusikiliza mahubiri yao, alikuwa amekwisha kuona maji yao yanatoka wapi, nani anayabeba, nani huingia kwa mlango wa mbele na nani kwa mlango wa nyuma.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makala hii inakusudia kuuliza swali linalotokana na methali hiyo. Mgeni huyu aliyekaa siku elfu kumi, je, alipewa jembe? Na alipopewa, alilipokea?

Hoja yetu ni kwamba wingi wa miaka peke yake haukutosha kumfanya mgeni awe jirani. Wako waliokaa muda mrefu wakabaki wageni. Waliopokewa ni wale ambao nyumba yao ilikubali kuwahitaji wenyeji. Tutalitazama jambo hili katika maji, katika vita na njaa, katika malezi ya watoto na katika lugha. Tutalilinganisha pia na kundi jingine la wageni, wale wa mpango wa karanga wa Kongwa.

1. Nchi inayomfundisha mgeni kuomba

Anayetaka kuelewa maisha ya kila siku ya kaya hizo hana budi kuanza na mvua. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka wa kawaida hupata mvua isiyofika milimita 600. Mvua hiyo hunyesha tangu Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo mito hukauka, na watu huchimba mchanga wa mito hiyo wakitafuta maji yaliyojificha chini.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na maziwa makuu ililazimika kupita Ugogo, na watemi wa Wagogo waliitoza hongo. Wasafiri wengi wa Ulaya walilalamika kwamba huo ulikuwa unyang'anyi. Mwenye nchi aliona vinginevyo. Kisima kilichimbwa kwa jasho la watu wake, nafaka ililimwa kwa hesabu ya mwaka mzima, na msafara wa mamia ya watu ungeweza kumaliza vyote kwa siku chache. Basi mgeni aliyetaka maji alikuwa na wajibu wa kuomba na kutoa.

Wamisionari wa Church Missionary Society walifika katika mazingira hayo. Kituo cha Mpwapwa kilianza mwaka 1876, kikaimarishwa mwaka 1878 na Dk. Edward Baxter na mwenzake Joseph Last. Kazi ikaenea Kisokwe, na baadaye Kongwa, Buigiri na Mvumi. Mgeni wa msafara alihitaji maji ya usiku mmoja. Mmisionari na mkewe waliyahitaji kila siku. Hapo ndipo utegemezi wao ulipokuwa wazi kuliko wao wenyewe walivyopenda kukiri. Mke wa mmisionari aliyezoea maji ya bomba kwao alijikuta akiwategemea wanawake na vijana wa jirani, ambao peke yao walijua ni sehemu gani ya mto mkavu itakayotoa maji mwezi wa Oktoba. Nyumba zilipoezekwa kwa bati na kuwekewa matangi ya kukinga mvua, utegemezi huo ulipungua. Kituo kikapata usalama, lakini safari ya pamoja kwenda kisimani nayo ikapungua.

Nyumba yenyewe ilikuwa na lugha yake. Mgogo alijenga tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, inayozunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Kaya ni watu na mifugo pamoja, na mali ya mtu haikai yote zizini kwake, kwa kuwa humkabidhi jirani au ndugu sehemu ya ng'ombe wake awalishe na kunywa maziwa yao. Kwa njia hiyo mwaka wa taabu hauwaangamizi wote kwa pamoja, na kila mtu ana sababu ya kumtembelea mwenzake. Nyumba ya mmisionari ilisimama peke yake, ina vyumba vya kujitenga, stoo yenye kufuli na baraza mbele. Barazani wagonjwa walisubiri dawa, barua zilisomwa na mashauri yalisikilizwa. Baraza lilikuwa mahali pa ukarimu, na papo hapo lilikuwa mpaka, kwani wengi waliofika hapo kwa miaka mingi hawakuvuka kizingiti cha sebule.

Waliovuka walikuwa watumishi wa nyumbani: mpishi, dobi, yaya, mchota maji. Twapaswa kusema wazi kwamba walivuka kama watumishi. Hata hivyo jikoni palikuwa pia shule ya pande mbili. Si mara chache kijana aliyekuja kupika alijifunza kusoma, akawa mwalimu wa shule ya kijijini. Wakati huo huo mwenye nyumba alijifunza kwake majina ya mboga za porini, namna ya kumsalimu mzee, na neno la kumwambia aliyefiwa. Henry Cole wa Kisokwe alipochapisha mwaka 1902 maelezo yake marefu kuhusu mila za Wagogo, maarifa hayo hayakutoka vitabuni. Yalitoka kwa watu walioishi naye, ambao hatuna hakika ya majina yao mengi.

2. Nyumba ilipobaki tupu

Jaribio la kwanza kubwa la kaya hizo lilikuja na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1914 wamisionari wa Kiingereza, waume kwa wake, walikuwa raia wa adui katika koloni la Wajerumani. Wakakusanywa Kiboriani, mlimani juu ya Mpwapwa, ambako misheni ilikuwa na nyumba ya mapumziko. Kisha wakapelekwa kifungoni Tabora, wakakaa hadi majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji huo Septemba 1916. Walimu Waafrika nao walikamatwa kwa kushukiwa kuwasaidia Waingereza, na mateso yao yalikuwa makali kuliko ya wamisionari.

Basi nyumba zenye baraza zikabaki tupu. Sala za asubuhi hazikukoma. Katika vijiji vingi waliobaki, wanawake kwa wanaume, waliendelea kuwafundisha watoto na kuwazika wafu. Kanisa la Ugogo liligundua katika miaka hiyo kwamba lilikuwa na nyumba nyingine zilizokwisha kuwa nyumba za injili, nazo zilikuwa tembe. Kati ya viongozi waliokomaa katika kizazi hicho alikuwapo Andrea Mwaka, mwalimu wa Kigogo aliyepewa baadaye daraja la ukasisi. Jina lake limebaki katika shule ya Canon Andrea Mwaka mjini Dodoma.

Vita ilifuatwa na njaa. Jeshi la Wajerumani lilichukua nafaka na ng'ombe. Waingereza walipouteka Dodoma Julai 1916 nao wakachukua ng'ombe na wapagazi. Kisha mvua zikakosekana, na homa kali ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918 ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika. Wagogo wanaiita njaa hiyo ya 1917 hadi 1920 Mtunya. Makadirio yaliyotolewa na watawala yalisema kwamba katika wilaya ya Dodoma watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Mwanahistoria wa Wagogo, Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917, ni mtoto wa miaka hiyo.

Wamisionari waliorudi baada ya vita walikuta nchi yenye makaburi mengi na sharika ambazo hazikufa. Mgeni aliyerudi hakuweza tena kusema kwamba yeye ndiye aliyelibeba Kanisa. Kwa wengine hilo lilikuwa fedheha. Kwa waliokuwa na hekima lilikuwa jembe la siku ya tatu, yaani nafasi ya kufanya kazi katika shamba ambalo mwenye nalo ni mwingine.

3. Iramba na Unyaturu: gharama ya kukaa

Upande wa kaskazini-magharibi wa nyanda hizi historia yetu ya Kilutheri ilipita njia inayofanana na hiyo. Misheni ya Leipzig ilianza kazi Iramba kabla ya vita, kisha wamisionari wake wakaondolewa nchini na serikali ya Kiingereza. Mwaka 1926 eneo la Iramba na Unyaturu likawa chini ya Sinodi ya Augustana, kanisa la Waswidi waliohamia Marekani. Wengi wa wamisionari hao walikuwa watoto au wajukuu wa wahamiaji. Walijua kutoka kwa wazee wao maana ya kufika mahali usipojua lugha, na kumwomba jirani mbegu ya kwanza.

Siku katika kituo kama Ruruma, Kinampanda au Kiomboi ilianza kabla ya jua. Kuni ziliwashwa, maji yakachemshwa na kuchujwa, maziwa yakanunuliwa kwa majirani. Mume alitoka kwenda kuzungukia mitaa, akilala huko siku kadhaa. Mke alibaki, na aliyebaki ndiye aliyekuwa kituo. Yeye ndiye aliyeamshwa usiku na mwenye mtoto mwenye degedege. Ndiye aliyegawa kwinini, aliyefundisha wasichana kusoma na kushona, aliyehesabu unga uliobaki na kuamua nani apewe. Katika taarifa nyingi za misheni ameandikwa kwa maneno mawili tu: "na Bibi." Twaona kwamba historia iliyoandikwa hivyo imepoteza nusu ya kazi, na pengine ile nusu ambayo majirani waliikumbuka zaidi.

Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa watoto. Mtoto wa mmisionari alikua akizungumza Kinyiramba au Kinyaturu na wenzake, akichunga nao, akila ugali wa uwele kwao bila kuomba ruhusa. Mara nyingi yeye ndiye aliyevuka mpaka wa baraza kwanza, kwa kuwa mtoto hajui mpaka. Kisha akifika umri wa shule, alipelekwa mbali, hata Kenya. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na shule ya bweni ya Augustana pale Kiomboi kwa ajili ya watoto hao. Wazazi walipata nafuu, maana Kiomboi haiko mbali kama Kenya. Lakini swali halikukwepeka: rafiki wa jana, mtoto wa jirani, alikwenda shule nyingine. Mpaka ambao watoto waliuondoa, elimu iliurudisha.

Tukio la meli Zamzam linaonyesha gharama hiyo kwa namna isiyosahaulika. Elmer Danielson alifika Tanganyika mwaka 1928 na kufanya kazi katika uwanda wa Singida. Vita vya Pili vilipotenga familia, yeye alikuwa huku, na mkewe Lillian alikuwa Marekani na watoto wao sita. Mwaka 1941 Lillian alipanda Zamzam pamoja na watoto hao, kumfuata baba yao. Tarehe 17 Aprili 1941 manowari ya Wajerumani iitwayo Atlantis iliishambulia na kuizamisha meli hiyo katika Atlantiki ya Kusini. Abiria waliokolewa baharini na adui yule yule, wakafikishwa Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani mwezi Mei. Safari ya Lillian na watoto ya kwenda Tanganyika iliishia kwao Marekani.

Katika meli hiyo alikuwamo pia Ralph Hult, ambaye mkewe Gladys na watoto walibaki Marekani. Baada ya kuokolewa alianza safari upya, akafika Tanganyika, akafa Dar es Salaam mwaka 1943. Tunaposema kwamba wamisionari wa Augustana waliwasaidia Walutheri wote nchini baada ya Wajerumani kuzuiliwa, ambalo ni jambo la kweli na la kushukuriwa, tukumbuke kwamba msaada huo ulilipwa pia na wake na watoto ambao hawakupiga kura katika mkutano wowote wa sinodi.

4. Wageni wa Kongwa

Ili kupima maana ya kukaa, yafaa tuwatazame wageni wengine waliokuja Ugogo na kila kitu. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu kutoka Uingereza ulizunguka kwa wiki 9, kwa sehemu kubwa ukitumia ndege, ukapendekeza karanga zilimwe katika zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika Mashariki, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kongwa ikawa mwanzo wa kazi. Matrekta yakaletwa, mji ukajengwa, familia za Kiingereza zikaja kwa mamia na kupata nyumba, maduka na shule ya watoto wao. Vibarua wa Kiafrika walikaa katika makambi yao.

Mvua ikakosekana kama inavyokosekana Ugogo. Udongo ukakauka na kuwa mgumu, ukavunja majembe ya matrekta. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, na pauni milioni 36 zikafutwa katika hesabu zake. Familia zikaondoka.

Haitupasi kuwacheka. Wengi wao walikuwa watu wa bidii, waliotaka kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Kosa lilikuwa kwamba mpango haukuhitaji chochote kwa Mgogo ila nguvu za mikono yake. Maarifa yake juu ya mvua, ambayo yalikuwa yamelipiwa kwa njaa baada ya njaa, hayakuulizwa. Pale pale Kongwa, miongo mitatu na zaidi kabla ya matrekta, kaya ya mmisionari ilikuwa imejifunza kuuliza, kwa sababu isingepata maji bila kuuliza. Hatusemi kwamba mmisionari alikuwa mwema kuliko mhandisi. Twasema kwamba uhaba ulimfundisha mmoja adabu ambayo wingi wa mali ulimnyima mwingine.

5. Lugha na wimbo

Jembe la mwisho ambalo mgeni hupewa ni lugha. Tangu karne ya 19, J. C. Price alitafsiri sehemu za Maandiko kwa Kigogo. Kwa Walutheri mfano ulio karibu nasi ni wa Howard Olson na mkewe Louise. Olson alifika Tanganyika mwaka 1946, akafanya kazi miongoni mwa Wanyaturu kabla ya kufundisha Makumira, na utumishi wake nchini ulidumu hadi mwaka 1988. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1964 ilihusu muundo wa sauti na maneno ya Kirimi, yaani Kinyaturu.

Kinyaturu ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti kuna uzito katika maana. Mtu akichukua tuni ya Ulaya na kuifunga juu ya maneno ya lugha ya namna hiyo, tuni huvuta upande mmoja na neno upande mwingine. Mkristo huimba asichokisema. Aliyejifunza kusikiliza lugha kama hiyo hawezi tena kuziona tuni za Kiafrika kuwa ni kelele za kuachwa nje ya mlango wa kanisa. Kutokana na usikivu huo zilikusanywa nyimbo za kitabu cha Tumshangilie Mungu, ambazo leo huimbwa mbali sana na nyanda hizi. Wanyaturu na wanafunzi ndio waliokuwa walimu, mgeni aliandika. Hivyo ndivyo jembe linavyopokewa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kaya ya mgeni aliyekaa muda mrefu katika nyanda za kati ilikuwa na sura mbili. Ilikuwa na kufuli na baraza, na watumishi walioingia kwa nyuma. Ilikuwa pia na mama aliyeamshwa usiku, na mzee mwenye lugha aliyemfundisha mgeni namna ya kusema pole. Hatuna haki ya kufuta sura yoyote kati ya hizo.

Jambo hili latuhusu sisi kuliko linavyowahusu wageni wa zamani. Mchungaji aliyezaliwa Kilimanjaro na kupangiwa kazi Bahi, au aliyezaliwa Singida na kupangiwa usharika wa mjini Dodoma, ni mgeni. Naye hupewa nyumba yenye baraza. Naye huja na mke, au mume, ambaye jina lake halimo katika barua ya uhamisho, na watoto ambao hawakuulizwa. Tunawajua watumishi wanaozihesabu siku tangu wiki ya kwanza, wasiopanda hata mpapai kwa kuwa hawatakuwapo utakapozaa. Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa bila hiari yao kwamba wajenge, wapande bustani na kuutakia amani mji waliomo (Yer. 29:5-7). Kama neno hilo liliwahusu mateka wa Babeli, litashindwaje kumhusu aliyeitwa?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mafundisho ya uchungaji katika vyuo vyetu yaihesabu nyumba ya mchungaji kuwa sehemu ya huduma, na mwenzi wake awe na nafasi ya kusikilizwa kabla ya uhamisho. Fundisho la Neno kufanyika mwili na kukaa kwetu ni pungufu midomoni mwetu ikiwa sisi wenyewe tunapita tu. Pili, wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti waende Mvumi, Kisokwe, Ruruma na Kinampanda wakaulize majina. Mpishi wa kituo aliitwa nani? Nani aliwaonyesha maji? Nani alimlea mtoto wa mgeni mama yake alipokuwa na homa? Wajukuu wao bado wapo, na baadhi yao wanakumbuka walichosimuliwa. Kila mwaka wa njaa na kila mazishi hupunguza hesabu ya wanaokumbuka, na majina hayo hayamo katika taarifa yoyote ya misheni tutakayoletewa kutoka ng'ambo.